UZI: Riwaya za upelelezi ambazo siri ya utotoni inafufuka ukubwani, tuzijadili kwa kina (spoila zipo kidogo)

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Kila mara naona watu wanaulizana riwaya gani ya upelelezi inashika mpaka usingizi unapotea, sasa mi nataka tujadili aina moja tu. Zile ambazo kuna jambo lilitokea wahusika wakiwa watoto, likafukiwa, miaka ikaenda wakawa watu wazima na kazi zao na familia zao, halafu kitu kidogo tu kinakuja kulichimbua, msiba, barua, nyumba inauzwa, mtu aliyepotea anarudi. Kwangu hii ndo aina inayozidi zote na nitaeleza kwa nini, uzi ni mrefu mnivumilie.

Tuanze na tofauti yake. Chukua upelelezi tuliouzoea, mfano Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla kwenye Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mauaji bado mabichi, mpelelezi anaingia na kiko chake, kwenye ule ugomvi yeye hana lake, anahoji watu, anapanga mambo, mwisho anatufumbulia. Yuko nje ya tukio. Kwenye riwaya ninazozisema mimi anayetafuta ukweli yumo ndani, yeye ndo shahidi na wakati mwingine ndo mhusika mkuu wa kosa lenyewe, yaani ushahidi mkubwa kuliko wote umo kichwani mwake na hawezi kuusoma.

Na hawezi kuusoma kwa sababu aliuokota akiwa mtoto. Hapa ndo penye utamu wote. Mtoto anaona kila kitu ila hana majina ya anavyoviona, anatumia maneno aliyonayo. Mtu mzima akikumbuka, anakumbuka lile neno la kitoto, sio kitu chenyewe, kwahiyo kazi ya upelelezi inakuwa ni kurudi pale na kuuliza nilikuwa naangalia nini haswa.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni Sleeping Murder ya Agatha Christie, ilitoka 1976, mwaka huohuo aliofariki. Gwenda, mwanamke kijana aliyeolewa juzijuzi, anatoka New Zealand anaenda Uingereza kutafuta nyumba, anapata moja anaipenda papo hapo. Halafu mambo yanaanza. Anataka fundi atoboe mlango sehemu fulani ya ukuta, fundi anakuta pale pale palikuwa na mlango zamani ukazibwa. Anawaza karatasi ya ukutani yenye maua ya aina fulani, kabati lililokuwa limefungwa linafunguliwa, ndani karatasi ya zamani ina maua yaleyale. Anaanza kudhani anachanganyikiwa. Siku anaenda kuangalia tamthilia, mwigizaji anatamka mstari mmoja kuhusu mwanamke aliyekufa, Gwenda anapiga ukelele anatoka mbio, maana amejiona yuko mdogo, anachungulia katikati ya nguzo za ngazi, chini kuna mwanamke amelala amekufa na juu yake kuna mikono, na hiyo mikono anaikumbuka kama mikono ya nyani.

Mikono ya nyani! Sisemi ilikuwa nini, msomeni. Lakini angalieni ufundi wa huyu mama, jibu la riwaya nzima limewekwa mezani mapema kabisa, halijafichwa kabisa, tatizo ni kwamba limesemwa kwa lugha ya mtoto na wewe msomaji unalipita. Miss Marple, yule bibi mzee mpelelezi wa Christie, hakupewa ushahidi mpya wa ajabu kwenye hilo, alichofanya ni kukitafsiri kile alichokiona mtoto.

Kwahiyo kipimo changu mimi ndo hicho. Riwaya nzuri ya aina hii inakupa ukweli mapema kwa macho ya mtoto. Riwaya mbaya inauficha mpaka ukurasa wa mwisho halafu mhusika anagonga kichwa mahali na kumbukumbu yote inarudi kama video, na tarehe, na sura ya muuaji. Hizo nikikutana nazo nafunga kitabu, kwa sababu ni wizi, msomaji hakupewa nafasi ya kupambana.

Karibuni, mnazisoma? Mnaonaje?

#2

Uzi mzuri mkuu. Ila nina swali kidogo kuhusu huyo Gwenda, alikuwa na umri gani? Kama alikuwa mtoto wa kubebwa si ndo uongo wenyewe huo, nani anakumbuka mambo ya miaka miwili.

#3 – Mleta uzi

Swali la maana sana hilo. Alikuwa mdogo mno, kama miaka mitatu hivi, kwahiyo Christie anacheza ukingoni kabisa. Watafiti wa saikolojia wanasema watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa inaangukia kwenye miaka mitatu au mitatu na nusu hivi, kabla ya hapo ni giza tupu. Ila angalia anachokumbuka Gwenda, hakumbuki hadithi. Hakumbuki nani alikuwa nani wala kilianzaje. Anakumbuka mlango, maua ya ukutani, mikono. Vipande tu. Hivyo ndivyo kumbukumbu za utoto mdogo zinavyokuwa hata kwetu sisi, picha moja kali halafu pembeni hamna kitu. Kwahiyo umri naweza kumsamehe maana namna ya kukumbuka ameipatia.

Na pia jamaa wengi wanakosea kudhani kumbukumbu inakaa mahali imetulia inasubiri kufunguliwa. Haikai hivyo. Kila ukikumbuka unaijenga upya na unachanganya na uliyosikia baadae. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Elizabeth Loftus, 1995 yeye na mwenzake walichapisha jaribio la watu 24, wakawasimulia matukio ya utotoni mwao yaliyotoka kwa ndugu zao, matatu ya kweli na moja la kutunga, kwamba walipotea dukani wakiwa wadogo. Kama robo yao walikuja kulikubali lile la kutunga, lote au sehemu yake, na wengine wakaongezea vitu vyao wenyewe humo. Sasa fikiria mwandishi mwenye akili akilishika hilo, anaweza kukuandikia mhusika mkweli kabisa, hadanganyi hata kidogo, na bado anachokisimulia hakikutokea.

#4

Hapo kwenye kumbukumbu naomba niongeze kesi ya kweli kabisa, maana imenisumbua tangu niisome. Kalifornia mwaka 1969 mtoto wa kike wa miaka minane aliuawa, muuaji hakupatikana. Miaka ishirini baadae, 1989, mwanamke aliyekuwa rafiki yake wa utotoni akajitokeza akasema amekumbuka ghafla, alikuwepo, na aliyeua ni baba yake yeye mwenyewe, George Franklin. Mahakama ikamtia hatiani 1990 kwa kutegemea hiyo kumbukumbu. Loftus huyohuyo aliyetajwa hapo juu alikwenda kutoa ushahidi upande wa utetezi. Baadae 1995 jaji wa shirikisho akaitengua hukumu, moja ya sababu ni kwamba baraza la wazee wa mahakama halikuruhusiwa kusikia kuwa maelezo aliyoyatoa binti yalishaandikwa kwenye magazeti ya wakati ule, yaani angeweza kuyapata kule. Jamaa akaachiwa 1996.

Mimi nikisoma riwaya ambayo mtu anakumbuka ghafla na kila mtu anamuamini, nafikiria hii kesi. Kwenye riwaya mwandishi anajua ukweli. Kwenye maisha ile familia ilibaki na nini? Baba alikaa jela miaka, binti aliamini anachosema, na mtoto aliyeuawa wazazi wake wakarudishwa mwanzo. Natamani mtu aandike riwaya inayoanzia hapo hukumu inapotenguliwa.

#5

Daah #4 umeandika kitu kizito. Na hiyo ndo riwaya ningeinunua mimi.

#6

Mimi napingana na mleta uzi sehemu moja. Umesema riwaya nzuri lazima ikupe ukweli mapema. Mbona In the Woods ya Tana French (2007) haikupi kabisa, si mapema si mwishoni, na ni bonge la kitabu? Kwa wasioijua: watoto watatu wa miaka 12 wanaingia msituni karibu na Dublin, jioni anapatikana mmoja tu, ameganda kwenye mti, viatu vina damu na hakumbuki chochote. Wale wawili hawakuonekana tena. Yule mmoja anakua, anabadili jina analotumia, anakuwa askari mpelelezi, na miaka ishirini baadae anapewa kesi ya binti aliyeuawa palepale na hamwambii mkubwa wake kwamba yeye ndo yule mtoto.

Spoila: kesi mpya inafumbuliwa, ya zamani HAIFUMBULIWI. Watu wengi sana waliichukia kwa hilo. Mi naona ndo ukweli wenyewe. Mtu aliyevunjika akiwa na miaka 12 hapati jibu kwa sababu tu amekuwa askari. Na ukiangalia vizuri kinachomharibia kazi, na yule rafiki yake wa kazini, ni kile alichokikimbia, hata kama hakikumbuki. Kwahiyo siri imefufuka, imefanya kazi yake yote, ila haikujitambulisha jina.

#7 – Mleta uzi

#6 nakubali umenibana, na hicho kitabu nakipenda. Ila nitatetea hoja yangu hivi: French hakuiba. Alitupa kesi mbili, moja akailipa yote kwa haki, dalili zilikuwepo wazi na msimulizi mwenyewe mapema tu anatuonya kwamba yeye ni mtu wa kusema uongo. Ile ya pili akaiacha wazi kwa makusudi. Ninaowakataa ni wale wanaoahidi jibu halafu wanalitoa mfukoni. Yeye alichotunyima hakukibadilisha na cha bandia.

Halafu umegusa kitu ambacho nilisahau kusema kwenye uzi mkuu, urafiki. Hizi riwaya zikifanya vizuri zinakuwa habari ya marafiki kuliko habari ya mauaji. Watoto wanne watano waliokuwa kitu kimoja, wakakubaliana kunyamaza, na kule kunyamaza ndo kukawatenganisha. Ukubwani wanakutana kwenye msiba hawajui hata wasalimianeje. Mimi kurasa zinazonishika ni zile za watu wazima wawili wamekaa wanaongea mambo ya kawaida kabisa na kila mmoja anapima mwenzake anakumbuka kiasi gani. Hakuna damu pale, hakuna bunduki, na roho inadunda.

#8

Nyie wote mnaongelea riwaya, kuna mwandishi wa riwaya ambaye siri ilikuwa yake mwenyewe. Anne Perry, Muingereza, aliandika hadithi nyingi za upelelezi za zama za Malkia Victoria, kitabu chake cha kwanza 1979. Mwaka 1994 ikatoka filamu kuhusu mauaji yaliyotokea Christchurch, New Zealand, Juni 1954, mabinti wawili marafiki, mmoja 15 mwingine 16, walimuua mama wa mmoja wao. Waandishi wa habari wakaanza kutafuta wale mabinti wako wapi, wakagundua mmoja wao, Juliet Hulme, ndo Anne Perry. Walikuwa wadogo mno kunyongwa, wakatumikia kama miaka mitano, wakatoka 1959, akabadili jina akaanza maisha. Miaka 35 watu wanamjua kwa jina lingine, na kazi yake ni kuandika mauaji!

Alifariki 2023. Nilipojua hili nikarudi kusoma vitabu vyake kwa jicho lingine kabisa, hasa sehemu ambazo wahusika wanaogopa kujulikana kuliko wanavyoogopa jela. Sijui kama ni mimi natafuta lakini naona zimeandikwa na mtu anayejua.

#9

Kuhusu #8, hapo kwenye umri kuna jambo la sheria watu hawalitilii maanani na lingefanya riwaya nyingi ziwe kali zaidi. Uingereza na Wales mtoto chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kabisa kwa jinai. Ujerumani ni chini ya 14. Sasa fikiria watoto wa miaka tisa wamesababisha kifo, wakaficha, wakaishi miaka thelathini wanaogopa gereza ambalo kisheria halikuwahi kuwahusu. Hakuna aliyewaambia kwa sababu hawakuthubutu kuuliza. Wameharibu maisha yao, wengine wameua tena ili kuficha, na hilo la pili ndo linawafunga maana sasa ni watu wazima.

Na ukomo wa muda pia. Japani zamani kesi ya mauaji ilikuwa inakufa baada ya miaka kadhaa, ilikuwa 15, ikaja 25, mpaka 2010 ndo wakafuta ukomo huo. Ndo maana hadithi za upelelezi za kule zina ile presha ya mpelelezi anayehesabu siku zilizobaki. Uingereza haina ukomo kwa mauaji kwahiyo presha yao inabidi itoke kwingine, aibu, watoto wako wakijua, mama aliyezeeka ambaye bado anasubiri.

#10 – Mleta uzi

#9 hii ya miaka tisa imenipiga, kweli kabisa. Siri inaishi kwa nguvu ya kile mtoto alichodhani, sio kwa nguvu ya sheria. Na mara nyingi kuna mtu mzima aliyejua kwamba hofu ile ni ya bure na akamuacha nayo kwa faida yake. Huyo kwangu ndo mhalifu wa kweli wa hizi riwaya hata kama hakugusa mtu. Mkisoma mtafuteni, karibu kila riwaya nzuri anakuwepo, mzazi au mwalimu au jirani aliyemwambia mtoto usiseme.

Niongeze kitu kuhusu miaka. Mmegundua hadithi nyingi za hivi utoto wake unawekwa miaka ya sabini au themanini? Sehemu ni hesabu tu, mwandishi anataka mhusika wa miaka arobaini hamsini. Ila kuna vinasaba (DNA) pia. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba mwaka 1984 pale Leicester, na polisi wakaanza kuitumia 1986 kwenye kesi ya mabinti wawili waliouawa karibu na hapohapo, na mnajua ilifanya nini kwanza? Ilimtoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mauaji ya mmoja wao na wala hakuwa yeye. Muuaji halisi, Colin Pitchfork, akahukumiwa 1988. Kwahiyo ukiweka tukio lako kabla ya hapo, polisi wa wakati ule hawana vinasaba, wanategemea sana maneno ya watu, na maneno ya mtoto hakuna anayeyasikiliza. Wala hakuna simu mfukoni za kupiga picha. Kila kitu kinabaki kwenye vichwa vya watu wachache na hapo ndo mwandishi anapotaka tuwe.

Afu vinasaba hivyohivyo vinarudi kama kichimbuzi. Mwaka 2018 Kalifornia walimkamata Joseph DeAngelo kwa makosa ya miaka ya 70 na 80 kupitia ndugu zake wa mbali kwenye hifadhidata ya ukoo, ile ambayo watu wanaweka vinasaba vyao kutafuta ndugu. Mtu hajapima chochote, binamu asiyemjua ndo kapima. Hiyo kwa riwaya ni dhahabu, siri ya utotoni inaweza kufumuliwa na ndugu ambaye hakuwepo wala haijui.

#11

Wakuu mimi naandika riwaya ya hivi, nimefika katikati nimekwama. Nina sura za zamani na sura za sasa zinapishana, na wasomaji wangu wa kwanza wanasema sura za zamani zinawachosha. Nifanyeje?

#12 – Mleta uzi

Bila kuisoma siwezi kusema kwa hakika ila kosa la kawaida kwenye mbinu rejeshi, yaani hizo sura za kurudi nyuma, ni hili: sura ya zamani inarudia kutuonyesha kitu ambacho sura ya sasa imeshatuambia. Msomaji anajua tayari, kwahiyo anasubiri tu iishe. Sura ya zamani iwe na swali lake lenyewe la siku ile, mtoto anataka kitu siku ile, kuokota mpira, kumkomoa dada yake, kukaa macho mpaka wageni waondoke, na lile tukio kubwa lipite pembeni yake wakati yeye ana shughuli zake. Mtoto hajui kwamba hii ni siku muhimu. Ukimfanya ajue, umeshaua taharuki.

Na usimpe akili za kikubwa. Kama aliona mama anasugua sakafu usiku, aseme mama alikuwa anasugua sakafu na akakasirika mimi kuamka, basi, atoke hapo arudi kulala. Usiandike "sikujua kwamba usiku ule ungebadilisha maisha yangu". Hiyo sentensi ifute popote ulipoiweka.

Lingine, kabla hujaendelea kaa uandike kwa matumizi yako mwenyewe kila mhusika anaamini nini kilitokea. Sio nini kilitokea, anaamini nini. Wakiwa wanne unapata hadithi nne na hazilingani, na pale zinapogongana ndo sura zako za sasa zinapotoka. Nadhani ndo umekwama hapo, maana watu wengi wanawapa wahusika wote kumbukumbu moja halafu wanashangaa hawana cha kubishana.

#13

Mleta uzi nisaidie, sijawahi kusoma hata moja kati ya hizi, nianze na ipi?

#14 – Mleta uzi

Anza na Sleeping Murder, ni fupi, inakufundisha namna ya kusoma zilizobaki. Halafu In the Woods ukiwa na muda na moyo wa kuvumilia, na #6 ameshakwambia mwisho wake ukoje kwahiyo hutakasirika. Nakala yoyote utakayopata usisome maelezo ya jalada la nyuma, wachapishaji wana tabia ya kumwaga nusu ya siri pale. Ukimaliza rudi hapa tuongee ile mikono.

#15

Mimi nimeianza. Niko pale kabati linapofunguliwa, msiseme chochote.